Mume Wangu Alitoza ya Njia Hata Kwenye Sanda

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mjane, na riziki yangu ni cherehani niliyoiweka kwenye baraza ya watu hapa Mtendeni, Tabora. Wateja wananiita Mama Zuhura, kwa jina la binti yangu. Wengine wanasema mimi ni mkali, kwa sababu nikitaja bei ya kushona gauni sipunguzi wala siongezi hata senti, hata kama uzi umepanda siku hiyo hiyo. Hawajui nilikotoka... Leo naomba nafasi niyatoe moyoni, maana yamenikaa muda mrefu mno.

Nilizaliwa Puge, huko Nzega, kwa wakulima wa pamba. Wazazi walinifia mapema, bibi akanilea kwa msaada wa majirani. Nilikula kwa huyu, nikalala kwa yule, na hakuna aliyenisimanga. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Kalunde. Tulichota maji pamoja, tulichapwa pamoja, hata kuolewa tulipishana kidogo tu. Yeye aliolewa na Maganga, mkulima hodari, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Mimi niliolewa na Ramadhani.

Ramadhani alikuwa Mzaramo aliyezaliwa Tabora mjini. Baba yake alikuja huku kwa kazi ya reli, akafia huku. Sasa ninyi mnajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wahenga wetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Kwa hiyo Ramadhani alipokuja kufungua duka Puge, wakati kijiji cha ujamaa ndiyo kwanza kinaanza na watu wanasogezwa wakae pamoja, hakuna aliyemwona mgeni. Alipokelewa kwa matusi! Matusi ya utani, lakini, yale ya kuchekesha mpaka mbavu zinauma.

Maganga ndiye aliyekuwa kinara wao. Akiingia dukani anachota sukari kiganjani bila kuomba na kuilamba mbele ya mwenyewe. Ramadhani anamwambia, “Rudisha sukari yangu, mpagazi wewe! Kazi yako kubeba mizigo.” Maganga anajibu, “Nitakubeba wewe, Mzaramo, siku ukifa. Tena jeneza halitoki uani mpaka nipewe jogoo. Nitalala mlangoni hapo, mniruke!”

Hiyo ndiyo mila. Akifa mtani wako unakwenda kumzika kwa vituko. Unazuia jeneza, unadai jogoo, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Na mtani akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika na mkono wako haurudi mtupu. Sikujua kwamba ile mizaha ya jogoo ingekuja kuninyima usingizi.

Balaa lilianza msimu mmoja wa pamba. Wakulima walipeleka pamba yao kwenye chama chetu cha ushirika, lakini fedha haikufika kwa wakati. Kila mtu akapewa stakabadhi, karatasi yenye mhuri, akaambiwa asubiri. Je, utasubirije na chumvi imeisha ndani? Ramadhani akatangaza kwamba yeye atazipokea stakabadhi hizo dukani kwake, kisha atakwenda mwenyewe Nzega kuzibadili fedha itakapokuja. Watu walimshukuru kweli! Hata mimi nilijiona mke wa mtu wa maana.

Ila kulikuwa na sharti. Mwenye fedha mkononi ananunua kwa bei ya kawaida. Mwenye stakabadhi anaongeza kidogo juu yake, “ya njia.” Ramadhani alieleza kwamba analipa nauli ya kwenda na kurudi, na kwamba kule Nzega karani naye anakata chake kabla ya kutoa fedha. Je, hasara hiyo aibebe yeye? Watu wakaona ni haki, na mimi nikaona ni haki. Kisimani wanawake waliponiuliza, niliwajibu kwa mdomo mpana, “Si Ramadhani jamani, ni hao wa mjini wanakata!”

Ya njia ilianza kwenye sukari. Ikaja kwenye mafuta ya taa, ikaja kwenye sabuni, ikaja kwenye daftari za shule... Nayo ilikuwa ikikua. Watu walilalamika, lakini walilalamika kwa njia wanayoijua kwa mtani. Maganga alisimama dukani akiwa amebeba kipande cha sabuni kichwani kama mzigo wa msafara, akilia, “Jamani, sabuni ya Mzaramo nzito, imetembea njia ndefu!” Duka zima likaangua kicheko. Ramadhani alicheka kuliko wote, akafuta machozi, halafu akatoza.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, ndugu zangu. Aliambiwa kila siku kwamba anawaumiza, naye kila siku alisikia utani tu! Mtu angemjia kwa ukali angeshtuka. Lakini nani atamjia mtani wake kwa ukali?

Mimi nilianza kuwa na wasiwasi, ila naye alikuwa amenifunga mdomo. Alikuwa anajenga nyumba Tabora, mtaa wa Chemchem, ya matofali na bati. Alinipeleka kuiona ilipofika usawa wa madirisha. Akaniambia hii yako na Zuhura. Mimi niliyelala nyumba za watu utotoni, ningesema nini? Nililia kwa furaha pale pale kwenye kokoto.

Kisha Kalunde akafa.

Alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Sina nguvu ya kueleza zaidi ya hapo... Nilikuwa ndani pamoja na wanawake, tumeshamwosha rafiki yangu, tunasubiri sanda. Maganga alikuwa ameondoka kwenda dukani kwetu kuchukua bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Moyoni nilijua kabisa kwamba Ramadhani angempa bure. Mtani amefiwa na mke! Hata ningekuwa mimi ndiye nauza ningemkatia jora zima.

Maganga alirudi na kitambaa, akakipitisha mlangoni bila kuingia. Mama mmoja akamwuliza kama Mzaramo anakuja, maana muda unakwenda. Maganga akajibu kwa sauti ya chini sana, “Atakuja. Nimeshalipa, pamoja na ya njia.”

Wanawake wote mle ndani walinitazama, mikono yangu ikiwa bado na maji niliyomwoshea Kalunde. Nilitamani ardhi ipasuke!

Jioni nilipomwuliza Ramadhani, alishangaa hata kwa nini nauliza. Bafta nayo inatoka mjini, alisema. Kwani karani wa Nzega ataacha kukata kwa sababu Puge kuna msiba?

Baada ya siku ile, utani ulikoma.

Nawaomba mlisome vizuri neno hilo, kwa sababu mtu asiye wa kwetu anaweza kulipita. Hawakumgomea, hawakumtukana, hawakuvunja hata kioo. Walianza kumheshimu! Maganga akawa anaingia dukani, anavua kofia, anasema, “Habari za asubuhi, bwana mwenye duka.” Anataja anachotaka, analipa, anaaga. Sukari haikulambwa tena. Vijana waliokuwa wakimwita Mzaramo mcheza ngoma sasa wanampa shikamoo na kusimama pembeni. Mimi Maganga aliniita shemeji miaka yote, sasa akaniita mama.

Ramadhani alifurahi! Akaniambia, “Unaona? Sasa wamejua mimi nani.” Mimi sikufurahi. Kila nilipopita, mazungumzo yalinyamaza, nikasalimiwa vizuri sana, nikapishwa njia. Nimezaliwa pale, nimelelewa na masufuria yao, leo napishwa njia kama mke wa bwana shauri wa enzi za mkoloni... Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa wangenirushia mawe.

Muda si mrefu Ramadhani akashikwa na homa, na fedha ikatangazwa kufika Nzega. Akanituma mimi na bahasha ya stakabadhi. Nilipokwenda kuuliza nauli, dereva wa lori la pamba akanishangaa. Akasema mume wangu hajawahi kulipa nauli, yeye humpakia bure kila safari. Nikajisemea labda dereva ni mpole tu. Nikafika kwa karani. Akahesabu, akanipa. Nikasubiri aseme anakata kiasi gani. Hakusema. Nikamwuliza mwenyewe. Yule baba alinitazama kama mwendawazimu, akaniambia, “Mama, nikikata mimi nafungwa. Nani kakwambia habari hizo?”

Nani kaniambia! Mume wangu, baba wa mwanangu, mtu niliyemtetea kisimani kwa mdomo wangu! Kwenye lori nilirudia hesabu njia nzima. Hapakuwa na nauli. Hapakuwa na makato. Kulikuwa na nyumba ya Chemchem tu, na bati lake, na mlango wangu. Sanda ya Kalunde ilikuwa mle ukutani.

Nilimkabili kitandani alikolala. Hakukana. Alisema kwa hasira, “Ulidhani nyumba inajengwa kwa mate?” Nikamwangukia miguuni. Nikamwambia bado hatujachelewa, chukua jogoo, nenda kwa Maganga, mwambie mtani nimekosa, rudisha ya sanda, utatukanwa mpaka jua lizame na yataisha. Kwetu yangeisha hivyo, kweli kabisa. Akageukia ukutani. Akasema watu wamekwisha kumheshimu, akajidhalilishe kwa nini? Nikasema basi nitakwenda mimi. Akanikataza, akasema nikitoka na jogoo nisirudi. Nami nilikaa. Nilikuwa na Zuhura, nitakwenda wapi?

Homa ile haikupoa. Macho yalikuwa manjano, akaanza kuweweseka. Nilikwenda kuomba gari la ng’ombe tumpeleke barabarani apate usafiri wa hospitali. Watu walikuja mara moja, Maganga akiwa mbele. Wakatandika nyasi, wakamlaza vizuri. Nilipotoa fedha niwape, Maganga alikunja kiganja changu taratibu akasema, “Hapana, mama. Mgonjwa hatozwi.”

Ramadhani alikata roho kabla hatujaifikia barabara. Waligeuza ng’ombe, tukarudi.

Puge nzima ilikuja mazikoni. Walichimba kaburi, walileta kuni, walipika. Hakuna kilichopungua. Nami nilikuwa nimejiandaa! Nilimfunga jogoo mkubwa mwekundu kwenye mguu wa kitanda cha nje, na fedha za watani nikazifunga kwenye ncha ya kanga. Nilijua watakuja. Hata kama wamekasirika, nilisema, mbele ya jeneza wataona huruma, Maganga atalala mlangoni kama alivyoahidi, atamtukana Ramadhani mpaka tucheke, na kila kitu kitakuwa kimesamehewa...

Jeneza likatoka ndani. Likavuka kizingiti. Nikamtazama Maganga. Alikuwa amebeba mbele, bega la kulia, macho yake chini. Likapita uani. Hakuna aliyelizuia. Hakuna aliyedai kitu, hata punje ya chumvi. Nilitaka kupiga kelele, nidaieni jamani, nidaieni! Likapita langoni, likaenda. Jogoo alibaki amefungwa pale, akiparura.

Walipotoka makaburini nilimfuata Maganga, nikamwuliza huku nalia, kwa nini hata wewe? Alinijibu bila chuki, na ndiyo maana yananiuma mpaka leo. “Mama Zuhura, mtani wangu alikufa siku niliponunua sanda. Huyu tuliyemzika leo alikuwa mwenye duka.”

Nyumba ya Chemchem niliiuza bila kulala ndani yake hata mara moja. Nilizunguka Puge nyumba kwa nyumba nikirudisha ya njia kwa kadiri nilivyokumbuka. Walipokea, wakanishukuru... kwa heshima. Sikuweza kukaa. Ndiyo nikaja Mtendeni.

Ninyi wenye maduka, nawasihi. Kama kuna gharama, iseme ilivyo, na uibebe na wewe. Usimtwishe mteja mzigo ukamsingizia mtu wa mbali ambaye hawezi kumwuliza. Na ninyi wake wenzangu, mume akikwambia “wanakata mjini,” nenda mjini ukaulize kabla hujamtetea kisimani! Na mkisikia watu wameacha kuwatania, msishangilie heshima. Kimbieni mkaombe radhi siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho mtu anaweza kuamka na homa.

Zuhura wangu anaolewa baada ya mfungo. Nimepeleka habari Puge, kwa Maganga na kwa wote, maana kwa upande wa baba yake yeye ni mtani wao. Nimenunua jogoo, mwekundu, nimemfunga hapa karibu na cherehani. Kila mtu akipita barazani namtazama mikono, kama atakuja mmoja wao kuninyang’anya jogoo huyu.