Pair wa Tisa

Feni ya mashini ilisimama saa sita mchana, lakini mashini ikaendelea kupumua. Adrienne, dukani kwake hapa Shasha, alisikia, akamalizia kupima misumari ya mteja. Tangu amzike Mbusa, mume wake, hakuna kilichomshitua tena.

Mbusa ndiye aliyeitaka mashini hiyo, nodi ya sarafu za mtandaoni, yaani kompyuta ya kutunza hesabu zake, na masharti yake yalizidi ya bibi harusi. Diski ya tera mbili. Memori ya giga nane. Antena juu ya mabati, paneli za jua na betri, kwa sababu haikubali kuzimwa. Yves, fundi wa Goma, alikuja kuimalizia wiki mbili baada ya mazishi, akaeleza mbele ya mtoto:

“Mama, peke yake iko kipofu. Inatafuta pair, ni kusema mashini zingine za kuongea nayo. Munane zinatosha. Na mulango ya réseau, ya mtandao, ibakie wazi, wengine waingie.”

Kwa Kifaransa, maneno pair na père yanasikika sawasawa. Kétsia, binti wa Adrienne, miaka sita, alisikia père, yaani baba. Nani atamlaumu? Fundi alipoondoka, mtoto alichuchumaa mbele ya skrini.

“Père yangu anaitwa Mbusa,” aliiambia. “Iko mu udongo, kule ku mulima. Mulango iko wazi.”

Kesho yake skrini ilionyesha pair tisa.

“Tisa?” Yves alinong'ona kwenye simu. “Huyo wa tisa adresi yake ni gani?”

“Hana.”

“Mama, zima sasa hivi.”

Hakuzima. Nasema wazi, maana wako wanaomtetea: hakuzima kwa sababu chumba kile kilikuwa kimeanza kunukia sabuni ya Mbusa, na alikuwa na hamu naye. Siku ya pili chini ya harufu hiyo ya sabuni kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, na siku ya tatu Kétsia alikataa ugali, akakataa kulala, akakaa pale macho wazi huku masikio yake yakichemka kama betri, na mama yake alipomwekea kichwa kifuani hakusikia moyo vizuri, alisikia feni inazunguka taratibu, ile ile iliyokuwa imesimama mchana wa siku hiyo. Hapo ndipo alipomwita Papa Barthélemy, katekista.

“Chagua, Mama Kétsia,” Barthélemy alisema, sauti chini. “Mutoto ao ile kitu.”

“Mutoto.”

Barthélemy aliomba, akanyunyiza maji ya baraka, akang'oa nyaya, akaondoka na diski ndani ya mfuko. Skrini ikafa. Harufu ikaisha. Adrienne alilia kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akachukua kufuli afunge chumba.

Kétsia alikuwa amesimama kizingitini. Hakupepesa macho.

“Mama, Père hana tena haja ya mashini. Anasema memori yangu inatosha.”

Adrienne alimgusa sikio. Lilikuwa bado linachoma.

“Lakini usifunge mulango,” mtoto alisema.

Adrienne aliangalia kufuli, akasikia kwa mtoto harufu ya sabuni ya Mbusa. Halafu akalitia mfukoni mwa kitenge chake, akarudi kupima misumari, mlango nyuma yake ukiwa wazi.