Baridi ya Taa Nyeupe

Haya yalimpata rafiki yangu Taban, muuza viatu wa soko la Owino, na sijawahi kumjua kwa uongo. Mkewe Husnah alipokuwa akitetemeka kwa malaria, alimsihi: "Baba Huzaifa, toa hiyo taa nyeupe. Inanizidishia baridi. Niwekee ya manjano, kama ile ya zamani."

"Taa haina baridi, mama Huzaifa," Taban akamjibu, akamwongezea blanketi. Alfajiri Husnah akafa chini ya mwanga ule ule mweupe.

Tangu hapo, kila Taban alipowasha taa ya chumbani, alisikia meno yakigongana kitandani. Kitandani hapakuwa na mtu.

Arobaini ilipokwisha, akaenda kwenye maduka ya Kikuubo kununua balbu ya manjano. Alirudi mchana, wingu la mvua limeitia nyumba giza. Akatandika shuka safi, akapanda kiti, akaifungua ile nyeupe huku analia. Mle gizani, safari hii hata bila taa, meno yakagongana kwa kasi. Akafunga ya manjano, akawasha.

Kimya. Kisha mtu akashusha pumzi ndefu.

Taban akashuka kitini, akapeleka mkono upande wa kitanda aliokuwa akilala Husnah. Shuka ilikuwa na joto, tena imelowa jasho, kama ya mtu ambaye homa imemtoka sasa hivi.