Majina Chini ya Picha

Lorine hakusikia mlango ukifunguka. Alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta, mwanamke asiyemjua alikuwa tayari amesimama ndani ya studio. Alikuwa akizitazama picha za ukutani, moja baada ya nyingine.

Lorine na mumewe Amolo walikuwa na studio ndogo katika mtaa wa Manyatta. Walipiga picha za harusi na za pasipoti, lakini kazi iliyowalisha ilikuwa ya matanga. Familia ikifiwa, iliwaletea picha ya marehemu. Waliikuza, wakaandika chini jina lake na kwao, kisha ikawekwa karibu na jeneza.

Siku chache kabla, vijana waliandamana mjini, na Lorine akaenda na kamera. Picha moja aliipenda kuliko zote. Vijana watatu walikuwa mstari wa mbele wameinua mikono mitupu, na moshi umetanda nyuma yao. Aliiweka mtandaoni. Ili kuwapa heshima, aliandika chini jina la kila mmoja na mtaa wake, kama walivyomtajia siku hiyo.

"Karibu, Mama," Lorine alisema.

Mgeni hakugeuka. "Hawa wote wamekufa?"

"Ndiyo. Hizo ni za matanga."

"Na wale watatu wa maandamano?"

"Hao wako hai, Mama."

"Mbona basi umewaandika kama hawa?"

Lorine aliinuka, akamvutia mgeni kiti.

Mgeni aliketi, akajieleza kwa sauti ya chini. Aliitwa Achola, kutoka kijiji cha Kisian. Kijana wa katikati, Griffins, alikuwa mwanawe. Yule wa kushoto alikuwa amechukuliwa na watu waliokuja kwa gari lisilo na namba. Kesho yake walimchukua wa kulia. Hawakumwuliza mtu njia. Walikuwa na picha ya Lorine kwenye simu, wakasoma jina, wakasoma mtaa. Kila kituo cha polisi kilisema hakiwajui. Jana gari hilo lilikaa kutwa nje ya chumba cha Griffins. Vioo vilikuwa vyeusi, na hakuna aliyeshuka. Griffins alikuwa ametorokea kusikojulikana.

Lorine aliiondoa picha mtandaoni palepale. Amolo, aliyekuwa amesikia yote kutoka chumba cha nyuma, alisema afadhali wafute hata ile iliyo kwenye kamera. Lorine alikuwa karibu kufuta aliposita. Akamwita Rehma, jirani yao, wakili wa shirika la haki za binadamu.

Rehma aliitazama picha kwa muda mrefu. "Umewafanyia watu wa lile gari kazi yote," alisema, "na hata chai hawakukununulia."

Rehma akaendelea kwa upole. Alisema kuondoa picha mtandaoni hakutoshi, kwa sababu wengine wameshaihifadhi. Lakini ile ya kamera isiguswe, kwani mikono mitupu ni ushahidi kwamba hawakuwa na silaha. Ihifadhiwe mahali pawili, na nakala apewe wakili. Picha ya kuonyeshwa umma iwe nyingine. Katika hiyo, nyuso zizibwe kwa rangi nzito, kwa maana ukungu mwepesi unaweza kuondolewa. Jina lisiandikwe, wala mtaa. Simu nayo huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo huduma hiyo ya mahali izimwe kabla ya kutoka nyumbani. Na mtu akiweza kuulizwa, aulizwe kwanza.

"Kwa hivyo nisipige tena?" Lorine aliuliza.

"Piga. Bila picha watasema barabara ilikuwa tupu."

Achola alimshika Lorine mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Niahidi, binti yangu. Uso wa Griffins usionekane tena mpaka mwenyewe aseme."

"Naahidi, Mama."

Jioni Lorine alitengeneza nakala, akaziba nyuso tatu kwa rangi nyeusi, akaiweka mtandaoni bila majina. Vijana wakabaki ndani ya moshi, bila macho. Hata hivyo alihisi kwamba wanamtazama.

Rehma alipeleka mahakamani picha yenye nyuso za wale wawili, wa Griffins ukiwa umezibwa. Jaji aliona mikono mitupu, akaamuru polisi wawalete mbele yake vijana wawili waliochukuliwa. Waliletwa wamekonda, wakiwa hai, na wakaachiliwa. Griffins bado hakuonekana. Alituma neno moja tu kwa mama yake, kwamba anapumua. Gari nalo lilipita Manyatta mara kwa mara, polepole, kisha likatoweka.

Tangu hapo Lorine alipiga picha za maandamano kwa njia mpya. Alipiga migongo, mabango, viatu vilivyoachwa kwenye lami. Wapiga picha wengine wa mtaa walikuja kujifunza kwake, na hakuna aliyefuatwa tena kwa picha zao.

Siku moja simu ililia. Mwandalizi wa maonyesho makubwa Nairobi alikuwa ameiona ile picha ya vijana watatu. Alitaka kuitundika ukuta wa mbele, pamoja na jina la Lorine. Lorine alikuwa ameiota nafasi hiyo tangu chuoni.

"Lakini tunataka nyuso," mwandalizi alisema. "Hivi ilivyo inatisha."

"Wawili nitawauliza. Wa katikati siwezi kumpata."

"Ni uso mmoja tu, dada. Bila huo hakuna picha."

Amolo alikuwa amesimama karibu, akisikiliza. Lorine aliikumbuka ahadi yake kwa Achola.

"Basi hakuna picha," alisema.