Karata ya Kifo na Jicho la Mama

Binti alikuwa akikata pembe za karata kwa kifaa cha mkono, moja baada ya nyingine, ili zisichome vidole vya watakaozishika. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na mzigo huu aliruhusiwa kuumalizia nyumbani. Hazikuwa karata za kawaida. Zilikuwa za tarot, zenye picha za kila aina, ambazo watu wengine huzitumia kutabiri.

Mama yake aliokota moja iliyoanguka chini ya meza. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, hasa la kulia, kwa hiyo aliisogeza karata hadi puani. Akaona mifupa ya mtu imepanda farasi.

"Hii ni nini?"

"Inaitwa Kifo, mama. Nipe niikate pembe."

Mama hakuitoa. Aliketi polepole. "Kesho napasuliwa jicho, na leo Kifo kinaniangukia miguuni. Siendi."

Nafasi ile hospitalini waliingoja kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameshaanza kumimina chai nje ya kikombe, na juzi nusura aanguke kwenye ngazi. Lakini hata binti alianza kujiuliza. Kati ya karata zote hizi, kwa nini ianguke hiyo?

Alishuka kumwita jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo ambaye huwasomea watu karata. Jirani alipanda akiwa amelowa chepechepe kwa mvua.

"Umeniletea mchawi," mama alisema.

"Shoga yangu, ningekuwa najua yajayo, ningetoka na mwavuli."

Jirani aliishika karata kwa ncha za vidole, asiiloweshe. "Hizi zilianza kama karata za kuchezea tu, huko Ulaya, karne nyingi zilizopita. Kutabiria kulikuja baadaye sana. Na hii, hata sisi tunaozisoma hatusemi mtu atakufa. Tunasema jambo fulani linakwisha, jingine linaanza."

Uso wa mama ulikunjuka. Akazipekua karata mezani, akiinua moja moja mpaka machoni, hadi akapata aliyoipenda. "Na hii?"

"Hiyo ni Jua. Husomwa kuwa furaha, mwanga."

"Mwanga! Basi nimeshapona. Kisu cha nini tena? Siendi."

Binti alimtazama jirani. Jirani akatazama dari.

"Mama," binti alisema, "kila pakiti tunayoichapa ina karata moja ya Kifo na moja ya Jua. Kifo kimeanguka kwa sababu nilikigonga na kiwiko. Na hilo Jua umelichagua mwenyewe, nimekuona."

"Kwa hiyo Kifo hakijui kitu, na Jua nalo halijui kitu?"

"Ni picha," jirani alisema.

"Sasa watu wanakufuata kutafuta nini?"

"Mtu ana jambo moyoni, hajui pa kuanzia. Akiona picha anaanza kusema. Wengine huondoka na wazo zuri. Lakini anayeniuliza habari za ugonjwa, namwambia aende hospitali."

Mama alikichukua tena Kifo kutoka kwa jirani, akawa na karata moja mkono huu, nyingine mkono ule. "Na daktari je? Yeye anaijua kesho?"

"Haijui yote," binti alisema. "Alituambia wazi kwamba kila upasuaji una hatari yake, na kwamba ya huu ni ndogo. Lakini yeye amelipima jicho lako. Karata haijalipima."

Mama aliziweka zote mbili mezani.

"Mmenivuruga kichwa," alisema. "Bado sijaelewa vizuri." Kisha akainuka, akishika ukingo wa meza. "Lakini siendi kwa manesi na nywele hizi. Nibandikie maji nizioshe."

Binti aliweka kifaa chake chini. Nusu ya karata zilikuwa bado na pembe kali. Alizifunika kwa gazeti, zingoje mpaka watakaporudi kesho kutoka hospitali, akaenda kubandika maji.