Mikono Isiyo na Sabuni

Baba wa nyumba hii ni dobi. Wateja wanamwita Povu, naye hachukii. Tangu alfajiri yupo uani, mikono imezama kwenye karai. Binti yake anasuuza na kuanika. Zamani mama mtu ndiye aliyepiga pasi, na kola zake zilisifiwa mtaa mzima. Siku hizi Povu anapiga mwenyewe, na mashati yanarudi kwa wenyewe na mikunjo mgongoni.

Mama aliteleza uani. Sakafu ilikuwa na maji ya sabuni, naye alikuwa amebeba beseni la mashuka mabichi. Aliangukia mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haisikii kitu, na daktari alisema wazi kwamba hatatembea tena. Maji yale alikuwa ameyamwaga Povu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mama akawa mtu wa kulala akitazama ukuta. Akiletewa chakula, alionja tu na kusukuma sahani. Binti akaona mama anawaponyoka hivihivi. Akanunua samaki watatu wa dhahabu na bakuli la kioo.

"Angalau apate kitu cha kutazama," alimwambia baba yake.

Siku ile mama aligeuka. Aliwatazama samaki mpaka jioni, akala nusu sahani. Povu alifurahi, na dobi akifurahi hufanya nini kama si kufua? Kila asubuhi aliwatoa samaki, akamwaga maji yote, akasugua bakuli kwa sabuni. Kisha akalipitishia dawa ya madoa na kujaza maji mapya ya bomba. Kioo kiling'aa kweli. Samaki wakafa mmoja baada ya mwingine.

Akanunua wengine, akasugua zaidi. Nao wakafa.

"Usilete tena, baba watoto," mama alisema. "Kila kinachoingia chumba hiki kinakufa."

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Humu ndani nimeanza mimi."

Akageukia ukuta. Tangu hapo hakula nusu sahani tena. Robo yenyewe ilikuwa kazi.

Povu hufua taulo za kinyozi wa jirani. Alipopeleka taulo safi, alisimama mbele ya tangi kubwa la kioo lililopo kinyozini. Ndani kulikuwa na samaki wadogo wenye mikia ya rangi, na mawe yaliyoota ukijani. Povu aliliona tangi lile kila wiki, na kila wiki alilidharau moyoni kwa uchafu wake.

"Wako wanaishije?" aliuliza. "Mimi nawasafisha kila siku, wanakufa."

Kinyozi akazima mashine. "Unawasafishaje?"

Povu akaeleza yote, pamoja na dawa ya madoa. Mteja kitini akaanza kucheka. Kinyozi hakucheka.

"Rafiki yangu, umewafua," alisema. "Nikifunga duka nitakuja kwako."

Jioni alifika na tangi la zamani alilokuwa ameliweka stoo, pamoja na chujio dogo la umeme. Mkononi alishika mfuko wa changarawe chafu zenye utelezi.

"Hodi, shemeji," alimwambia mama.

Mama hakugeuka. "Karibu. Hakuna cha kuona."

Povu akaukodolea macho ule mfuko. "Hizo nizisuuze kwanza?"

"Ukizisuuza, umeua dawa yenyewe," kinyozi alisema. "Sikiliza. Samaki anakojoa majini na kupumua humohumo. Mkojo wake ni sumu. Kwenye changarawe hizi na ndani ya chujio kuna vijidudu vizuri, hatuvioni, vinakula sumu hiyo. Wewe ulikuwa unaviua kila asubuhi."

"Na maji ya bomba?" binti aliuliza. "Si ndiyo tunayokunywa?"

"Yana dawa ya kuua vijidudu. Sisi haitudhuru, samaki inamuunguza. Duka la samaki wanauza matone ya kuiondoa. Tia kwanza, ndipo umimine. Tena usibadilishe maji yote. Robo kwa wiki inatosha. Chujio likiziba, lisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba."

"Bakuli letu je?"

"Dogo mno. Samaki wa dhahabu anakua na anachafua sana, anataka tangi kubwa. Kabla hujanunua, uliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Anzeni na wale wa mikia ya rangi walioko kwangu, wachache tu, na madume watupu. La sivyo mtafungua shule ya chekechea."

Binti alicheka kidogo.

"Chakula ni kidogo, wakimalize palepale. Kinachobaki kinaoza. Nipeni ndoo isiyowahi kuona sabuni."

Povu na binti wakatazamana. Katika nyumba ya dobi, ndoo kama hiyo haipo.

"Basi ndoo nitawaletea, pamoja na samaki," kinyozi alisema. "Na mikono? Sabuni iliyoganda kwenye ngozi inaua vilevile. Nani humu ndani hashiki sabuni?"

Povu akaiangalia mikono yake, nyeupe na yenye magamba. Binti akaficha yake nyuma.

"Ni mimi," mama alisema huku akitazama ukuta. "Nisiyefanya kazi ni mimi."

Povu akainamisha kichwa.

"Basi tangi litakaa hapa, shemeji, mkono wako ulifikie," kinyozi alisema.

"Watakufa."

"Huenda. Wakifa utaniambia, tutatafuta sababu."

Mmoja alikufa kweli, wiki ileile. Mama alilia mchana kutwa, na Povu akadhani yamekwisha. Kumbe ni binti aliyemimina chakula kingi kwa huruma. Mama akamwomba ampe kopo la chakula hicho, akaliweka chini ya mto wake. Kuanzia hapo alilisha yeye, na akamwambia binti siku ya kutoa maji na siku ya kutia. Hakuna samaki mwingine aliyekufa. Mawe yakaota ukijani. Mama bado alikuwa na siku za ukuta, tena nyingi, lakini alikula kwanza.

Asubuhi moja Povu aliingia na chai. Akaona utando kwenye kioo, na mkono wa dobi ukatangulia akili. Akachovya kitambaa tangini.

"Toa mkono wako!"

Povu akaganda. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mke wake alipokuwa mkuu wa pasi. Mama alikuwa amejivuta kwa mikono mpaka ukingoni mwa kitanda, anahema.

"Hao ni wangu," alisema. "Miguu imekwenda, najua, hairudi. Hawa usiniulie tena."

"Nisamehe," Povu alisema. Hakuwa anaomba msamaha wa samaki tu, na mama alijua. "Nisamehe maji yale ya uani."

Akasimama juu ya tangi, machozi yakimdondoka.

"Kalilie nje, baba watoto," mama alisema. "Machozi yana chumvi. Hawa ni samaki wa maji matamu."

Povu akaenda kulilia uani.