Haikuwa Sumu ya Berthe

Kila Jumamosi mchana, Kahambu alipanda metro kutoka Koekelberg hadi Matonge. Alikwenda kumtembelea rafiki yake Berthe. Wote wawili walizaliwa Butembo. Vita na shida viliwatenganisha, kisha wakakutana tena kanisani, hapa Brussels. Tangu siku hiyo wakawa kama dada.

Berthe aliishi katika nyumba ndogo ya chumba kimoja na jiko. Alipika sombe, yaani kisamvu, na kukaanga samaki. Baada ya kula, alimsuka Kahambu nywele na kuzipulizia dawa ya kung'arisha. Mume wa Berthe, Mathieu, alikaa pembeni akivuta sigara na kuwachekesha.

Kahambu alikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Lakini kule Butembo alipika kwa kuni miaka mingi, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi uliharibu mapafu yake polepole. Daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Nyumbani waliiita pompe.

Jumamosi moja ya Januari, mwaka 1996, baridi ilikuwa kali. Berthe alikuwa amefunga madirisha yote. Aliwasha jiko la mafuta ya taa ili chumba kipate joto. Kahambu alikula vizuri, lakini aliporudi nyumbani alianza kukohoa. Kifua kilibana. Usiku hakuweza kulala chali. Kesho yake mume wake, Anaclet, alimpeleka hospitali, akalazwa.

Alipopona alirudi kwa Berthe. Akaugua tena.

"Papa Ornella," alimwambia mume wake, akimwita kwa jina la binti yao, "miye najua sasa. Nakulaga kwa Berthe, narudi mugonjwa. Ni karuho."

Karuho ni jina ambalo watu wa Kivu huipa sumu ya siri. Wanasema inamkohoza mtu mpaka anakauka.

"Berthe? Dada yako?" Anaclet alishangaa. "Akutilie sumu juu ya sababu gani?"

"Roho ya muntu nani anaijua?"

Kahambu aliacha kwenda Matonge. Pia alimwambia mwanamke mmoja kanisani. Yule akamwambia mwingine. Siku ya karamu ya kanisa, Berthe alileta sufuria kubwa ya maharagwe na ndizi. Watu walipita mbele ya sufuria yake wakiangalia pembeni. Hakuna aliyepakua. Berthe aliifunika, akaibeba, akatoka akilia. Kahambu alimwona. Moyo wake uliuma, lakini hakumfuata.

Wiki chache baadaye, Kahambu alikuwa akisafisha bafu. Alimwaga javel, ile dawa kali ya kuondoa uchafu. Halafu, ili bafu ling'ae zaidi, akaongeza dawa nyingine ya kuondoa chokaa. Harufu kali ilipanda. Alikohoa mpaka akapiga magoti. Binti yake Ornella alimvuta nje, akafungua madirisha, akapiga simu kuita ambulensi. Kisha akakimbia ghorofa ya chini kumwita Lucienne.

Lucienne alikuwa muuguzi katika hospitali ya Woluwe, mzaliwa wa Goma. Alimkalisha Kahambu wima, akamsaidia kutumia pompe yake, akabaki naye mpaka ambulensi ikafika.

Kahambu aliporudi nyumbani, Lucienne alikuja kumwona.

"Maman, ulisafisha na nini siku ile?"

"Na javel. Na ile ingine ya chokaa, pamoja."

"Yoo, maman! Ukizichanganya, zinatoa hewa ya sumu. Hata muntu mwenye mapafu mazima inamuumiza. Usichanganye tena kamwe."

"Lakini hata mbele ya hapo nilikuwa naugua," Kahambu alisema kwa sauti ndogo. "Kuna muntu ananitilia karuho."

"Nani?"

"Berthe."

"Siku ya javel, Berthe alikuwa hapa?"

Kahambu alitikisa kichwa.

"Bon," Lucienne alisema kwa upole. "Tufikiri pamoja. Ukiwa kwa Berthe, unanusa nini?"

Kahambu alifumba macho. "Samaki wa kukaanga. Sigara ya Mathieu. Jiko la mafuta ya taa. Na ile dawa ya nywele."

"Madirisha?"

"Yamefungwa. Ni baridi."

"Na njiani kurudi?"

"Upepo unanipiga usoni. Ninatembea mbio nipate metro."

Lucienne alimshika mkono. "Maman, mapafu yako ni kama ngozi yenye kidonda. Kitu ambacho mwingine hakisikii, kwako kinachoma. Moshi wa sigara, hata ukivutwa na mwingine. Moshi wa mafuta. Dawa za kupuliza. Hewa ya baridi. Hata mafua ya muntu aliyekaa karibu na wewe kanisani. Hivyo ndivyo vinaamsha ugonjwa wako. Berthe hakukutilia kitu kwenye chakula. Shida iko kwenye hewa."

Kahambu alianza kulia. "Nimeua jina la dada yangu."

"Jina linafufuka," Anaclet alisema kutoka mlangoni. "Twende kwake."

"Hapana," Kahambu alisema akifuta machozi. "Nililiharibu mbele ya watu. Nitalitengeneza mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mbele ya kanisa zima.

"Nilisema Berthe ananitilia sumu. Nilisema uongo. Nina ugonjwa wa mapafu, na moshi ndio unauamsha. Berthe alinilisha kwa upendo. Dada yangu, nisamehe."

Berthe aliinuka kwenye benchi la nyuma. Alitembea polepole mpaka mbele.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Kahambu, ungeniuliza tu."

Halafu akafungua mikono. Wakakumbatiana, na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Tangu hapo mambo mengi yalibadilika. Mathieu alianza kuvuta sigara barabarani, hata siku za mvua. Baadaye akaamua kuacha kabisa, akamwomba daktari msaada. Berthe aliondoa jiko la mafuta ya taa, akaweka la umeme. Alifungua dirisha kila alipokaanga, na nywele alizisuka kwa mafuta ya kupaka tu, bila dawa ya kupuliza.

Kahambu naye alijifunza. Siku za baridi alifunika pua na mdomo kwa skafu, akatembea bila haraka. Alisafisha kwa maji na sabuni ya kawaida. Watu wenye mafua aliwasalimia kwa mbali. Kabla ya baridi kuanza, alichomwa chanjo ya mafua. Alitumia pompe kama daktari alivyomwagiza, hata siku alizojisikia vizuri.

Lucienne alimwonya pia: "Ukikohoa kuliko kawaida, au makohozi yakibadilika rangi, au pumzi ikipungua, usingoje. Mwone daktari siku hiyo hiyo."

Desemba makohozi yake yaligeuka kijani. Kahambu hakungoja. Daktari alimpa dawa asubuhi ile, akapona akiwa kitandani mwake. Baridi yote ilipita bila kulazwa.

Mwezi wa tano, Ornella aliolewa. Anaclet alisimama kwenye mlango wa ukumbi, akimwambia kila mgeni, "Sigara inje, wimbo ndani!" Wavutaji walicheka, wakatii.

Desturi ilitaka mama wa bibi harusi aingie akicheza. Watu walimwekea Kahambu kiti, wakidhani hataweza. Alikipita. Alimshika Berthe mkono, akaanzisha wimbo wa Kinande, lugha ya kwao Butembo, wakaenda wakicheza kati ya meza. Katikati alisimama kidogo. Akavuta hewa kwa pua, akaitoa taratibu kwa midomo iliyobana, kama mtu anayepoza chai. Watu wote waliacha kupiga makofi wakamwangalia.

"Maman, ukae?" Ornella aliuliza kwa wasiwasi.

"Nikae juu ya sababu gani?" Kahambu alisema akicheka. "Berthe, anzisha mwingine!"