Kifungo cha Sita

Kila Jumamosi mchana, mama yake alipokuwa akipiga pasi nguo za wateja, Kikokotoo aliketi chini ya meza ya kukatia vitambaa akipanga vifungo kwa ukubwa. Jina hilo alipewa shuleni, kwa kuwa alijibu maswali ya hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini.

Siku hiyo binamu yake alikuja na karata. Walicheza poka, na badala ya fedha waliweka vifungo vya plastiki. Kufumba na kufumbua, vya Kikokotoo vikaisha.

"Katikati viko kumi," alisema binamu. "Ongeza viwili au utupe karata zako."

Kikokotoo alishika shupaza nne na karata moja isiyofaa. Angeibadilisha hiyo moja. Akipata shupaza ya tano, zote zingekuwa za aina moja, na karibu hakika angeshinda. Alikokotoa upesi. Karata asizoziona ni arobaini na saba, na shupaza kati yake ni tisa. Katika michezo mia angeshinda kama kumi na tisa, apate vifungo mia moja tisini. Angeshindwa themanini na mmoja, apoteze mia moja sitini na viwili.

"Hapa kuna faida," alisema.

"Faida ya mdomoni! Vifungo viko wapi? Haya, hata kimoja cha vile vya shaba nitakihesabu viwili."

Juu ya meza, kando ya koti jipya, vilikuwepo vifungo sita vya shaba. Muuguzi wa zahanati alikuwa amevikata kwenye koti la marehemu baba yake, vishonwe kwenye lake hilo jipya. Kikokotoo alichukua kimoja. Akachota karata. Kopa, si shupaza; binamu akakizoa kifungo.

Jioni mama alivihesabu. "Mwanangu, cha sita umekiona?"

"Hapana, mama."

Mama alipiga magoti, akapapasa sakafu nzima, akakung'uta kila kitambaa. Kikokotoo alivumilia kumtazama, kisha uzalendo ukamshinda, akasema yote.

Walimkuta binamu kwao, shavu limevimba kwa peremende. "Shangazi, kile kifungo nilimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Kanipa peremende mbili tu, bahili yule, na keshaenda zake!"

Matundu ya koti yalikuwa hayajakatwa. Mama akayapima upya, yawe matano. Muuguzi alipokuja, Kikokotoo mwenyewe alimweleza. Muuguzi alifunga vifungo polepole, kimoja kimoja, mpaka cha tano. Mkono wake ukatafuta kingine chini yake.

"Limenikaa vizuri," alisema, akaondoka bila kuaga.

"Nieleze hesabu yako," alisema mama.

Kikokotoo alimweleza. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Haina kosa, kwa mtu atakayecheza mara mia. Kifungo kile ungekicheza mara ngapi? Na hiyo thamani ya vifungo viwili mliipanga nyinyi wawili, mwenye kifungo hamkumuuliza. Mali ya mtu haiwekwi mezani, mwanangu, hata kama nafasi ya kushinda ni tisini na tisa kwa mia. Na ungenijibu kweli niliposimama pale, nisingesugua magoti yangu sakafuni."